Mguu wa Mzee

Mwaka 1999 nilikuwa na miaka 19, nashika spana kwenye gereji moja ya Mwanga, Kigoma. Kuiita gereji ni heshima tu. Ulikuwa mwembe mmoja mkubwa na mchanga uliolowa oili. Kazi zetu zilikuwa Land Rover na pikapu za kubeba dagaa, na mara mojamoja Datsun 240Z ya mzee mmoja mstaafu. Ilikuwa ya mwaka 1972, nyekundu iliyopauka hadi ikafanana na tofali, boneti ndefu kupita sehemu ya kukaa watu. Mzee hakuchoka kutukumbusha kwamba gari la aina hiyo lilishinda Safari Rally mwaka 1971 na tena 1973. Tulimwacha amalize, ndipo tukauliza shida.

"Nikishuka stesheni breki zinanigomea. Hapa juu nzuri kabisa. Nikifika kule chini pedali inakuwa jiwe."

Kwa asiyeijua Kigoma: kutoka Mwanga kwenda mjini ni kushuka tu, na barabara inaishia kwenye stesheni waliyoijenga Wajerumani. Nyuma ya stesheni ni Ziwa Tanganyika. Breki zikikataa pale, uchague ukuta au maji.

Fundi wangu alizungusha gari mtaani, akakanyaga, likasimama. Akapima busta, kifaa kinachouongezea mguu nguvu ya breki kwa mvuto wa hewa wa injini: injini imezimwa, kanyaga pedali mara tano, ishikilie, halafu washa. Ikizama kidogo chini ya mguu, busta inavuta. Ilizama. "Busta nzima," akasema. Pedali ingekuwa inashuka yenyewe polepole tungeshuku masta silinda, pampu ya breki. Ingekuwa laini tungetoa upepo kwenye mafuta ya breki. Hii haikuwa na ugonjwa wowote. Tukaagiza pedi za mbele, zikaja kwa treni kutoka Dar. Tukafungua dramu za nyuma, tukasafisha, tukarekebisha. Mzee akashuka nalo, akarudi. "Bado."

Aliporudi mara ya tatu, fundi akaninong'oneza, "Gari halina kitu. Ni mguu wa mzee umechoka." Nikacheka, tena kwa sauti. Nadhani mzee alisikia, maana alikuja moja kwa moja kwangu, akaninyooshea ufunguo.

"Wewe una mguu wa kijana. Endesha."

Kwanza alinizungusha hadi Ujiji na kurudi, injini ikapata moto sawasawa. Ndipo tukaanza kushuka. Kanyago la kwanza, gari liliitika. La pili, lilipungua kidogo. La tatu nilikuta nimekanyaga sakafu ya saruji. Nilijiinua kwenye kiti, nikasukuma kwa miguu yote miwili, gari linapunguza mwendo kwa kusitasita kama ng'ombe anayeburutwa. Nikarudisha gia ya pili, injini ikalia. Pembeni yangu mzee alikuwa kimya, mkono wake umeshika handbreki tangu tulipoiacha Mwanga. Ulikuwa umetulia pale, na nikaelewa kwamba ndivyo alivyokuwa akishuka miezi yote ile.

Tulisimama mbele ya stesheni. Nikafungua boneti nikiiacha injini sailensi, yaani inaunguruma bila kukanyagwa mafuta. Mpira wa vakyumu, unaopeleka mvuto wa hewa kutoka kwenye manifoldi ya injini kwenda kwenye busta, ulikuwa umebonyea umekuwa bapa kama utumbo wa kuku. Nikavuta wenzo wa mafuta kwa kidole, injini ikapaa, mpira ukajaa kidogo. Nikauachia, ukajikunja tena. Kumbe ukiwa baridi, kule Mwanga asubuhi, unakaa wima na kipimo kinafaulu. Ukipata joto unalegea. Na mteremkoni, ukiwa umeachia mafuta, ndipo injini inapouvuta kwa nguvu zaidi. Busta inabaki na akiba ya kanyago moja au mawili, basi.

Niliujua mpira ule. Miezi mitatu nyuma gari lilikuja na sailensi inayopanda na kushuka, wa zamani umepasuka, nikakata kipande cha mpira mweusi wa kumwagilia bustani. Ulienea vizuri sana. Fundi hakuwahi kuutilia shaka kwa sababu ulionekana mpya.

Tulipanda kurudi kwa gia ya pili bila kuzungumza. Fundi alirudia kipimo injini ikiwa ya moto, pedali haikusogea hata kidogo. Akachomoa mpira, akauminya kwa vidole viwili, akanitazama. Mzee naye akauchukua, akaugeuzageuza.

"Nani aliuweka huu?"

Nilikwishafungua mdomo. Fundi akaniwahi: "Umewekwa hapahapa gereji, mzee. Hatukudai." Akaenda kukata mpira mnene wa busta kwenye Land Rover iliyokufa pale uani.

Jioni mzee alikaa nyuma ya usukani, akaniambia niingie. Tukashuka. Alikanyaga mara saba, bila sababu, kila mara gari likitii, na mkono wake wa kushoto ulikuwa juu ya goti.

"Sasa," alisema tulipofika stesheni, "kamwambie fundi mguu wangu haujambo."