Vidole vya Miguu

Siku ya pili baada ya binti ya kaka yangu kupasuliwa mgongo uliopinda, mwaka 2019, niliingia wodini na chupa ya uji nikamkuta amesimama. Mkono mmoja kashika kitanda, mwingine kashikwa na muuguzi, anatetemeka kama ndama aliyezaliwa sasa hivi. Nikasahau hata salamu.

Mimi nilipasuliwa 1984, kwa tatizo hilohilo, nikiwa na miaka 15. Aliyegundua hakuwa daktari, alikuwa fundi wa nguo pale Kibuye. Kila akinipima sketi ya shule, pindo lilipanda upande mmoja, hadi akamwambia mama, "Mama, shida si kitambaa, ni mtoto."

Nikatiwa chuma kimoja chenye ndoano juu na chini, kile alichobuni daktari Paul Harrington kule Houston, Marekani, kwanza kwa watoto waliopindwa na polio. Kilifanya kazi kama jeki: kilisukuma mgongo urefuke. Usiku wa kuamkia upasuaji daktari alinieleza kwamba wataniamsha katikati, mgongo ukiwa wazi, nichezeshe vidole vya miguu, wajue kama neva hazijaumia. Kuamshwa sikumbuki. Ninachokumbuka ni kulala macho nikihofu nitasahau vidole viko wapi.

Kisha miezi sita ndani ya plasta, kwapani hadi nyongani, na joto la Kisumu mnalijua. Ufagio wa nyumbani ulikwisha njiti kwa kunikuna.

Binti ya kaka yangu ametiwa vyuma viwili, vimeshikwa kwa skrubu pingili baada ya pingili. Hakuamshwa, mashine ilifuatilia neva zake muda wote. Daktari alisema siku hizi mgongo hauvutwi tu, huzungushwa pia, na ule mbonyeo wa kiunoni huachwa. Wangu ulinyooshwa ukawa ubao. Ndiyo maana kwenye foleni ya benki lazima nitafute pa kuegemea. Na plasta? Hakuna kabisa.

Nilifurahi, Mungu anajua. Lakini na wivu uliniingia, wivu wa mtu mzima kwa mtoto mgonjwa, nikajifanya natafuta kikombe.

"Shangazi, mbona unalia?"

"Uji una moto."

Alikwisharudishwa kitandani. Akaivuta shuka kwa shida, miguu ikabaki wazi.

"Basi tazama," akasema, akavichezesha vyote kumi.