Siku tuliyochora zoni kiwandani kwetu

Assalam aleykum jamani. Vijana wanaokuja field kwetu kila mwaka huniuliza suali moja, kwa nini chumba hiki taa zake nzito namna hii na zina nati nyingi na chumba cha pili taa za kawaida tu, na mie kila mwaka naanza kueleza nasimama njiani naitwa kwenye boila. Basi leo naandika yote nikapumzike.

Mie fundi umeme, nafanya kazi katika kiwanda kidogo hapa Unguja. Tunakamua mafuta ya mchaichai, mkaratusi na majani ya mdalasini, tunasaga viungo, na kuna chumba kimoja cha kujaza marashi ya kupuliza, yale ambayo ndani yake mna spiriti. Miaka yote tulikuwa na mabango ya USIVUTE SIGARA na mitungi ya kuzimia moto, tukaona yameisha. Mpaka watu wa bima walipokuja wakataka ramani ya maeneo yenye hatari ya mlipuko, na hapo ndipo nlipojua kumbe hatukuwa tumeanza.

Tajiri akaleta mtaalamu kutoka nje. Alikaa kiwandani saa mbili, nusu yake ofisini. Baada ya wiki tatu ikaja ramani imepakwa rangi moja jengo zima, kila pahala zoni 1 (zoni ni daraja la hatari ya mlipuko la pahala, ntazieleza chini), mpaka ofisi ya mhasibu, mpaka pahala petu pa kuswalia. Nliikasirikia ile karatasi na bado naikasirikia. Mtu ukimwambia kila pahala ni hatari mwisho haogopi pahala popote, na tajiri akipiga hesabu ya vifaa vya zoni 1 kwa jengo zima, bei yake haishikiki, hanunui hata kimoja, ramani inatiwa kwenye droo na kazi inaendelea vilevile na feni ya kawaida inazunguka juu ya pipa la spiriti. Ramani ya hivo ni bora isiwepo.

Tukaambiwa tuifanye upya, tukakaa watu watatu, mie na injinia wetu na msimamizi wa uzalishaji, tukasoma kile kiwango cha kimataifa IEC 60079-10-1 cha gesi na mivuke na mwenzake 10-2 wa mavumbi. Wazungu wa Ulaya wana sheria zao za ATEX zinazowabana wao, sie tuna Sheria ya Usalama na Afya Kazini Namba 8 ya 2005 inayomtaka mwajiri awalinde wafanyakazi wake, lakini namna ya kuchora yenyewe iko kwenye hizo IEC.

Asili ya mambo ni maswali mepesi tu. Kitu gani kinatoka, kinatokea wapi, mara ngapi, na kikishatoka kinakwenda wapi. Pahala ambapo mchanganyiko wa hewa na mvuke wa kuweza kulipuka upo muda wote au muda mrefu, kama ndani ya tanki juu ya spiriti, hapo zoni 0. Pahala unapoweza kuwepo mara moja moja kwenye kazi ya kawaida, kama mdomo wa bomba la kujazia, zoni 1. Pahala ambapo kwa kawaida haupo na ukitokea ni kwa hitilafu na hauchukui muda, zoni 2. Kwa mavumbi ni hivohivo, ila zinaitwa 20, 21 na 22. Wako wanaotumia kipimo cha masaa, zaidi ya masaa 1000 kwa mwaka ni zoni 0, kati ya 10 na 1000 ni zoni 1, chini ya 10 ni zoni 2, ni kipimo cha kusaidia tu kisikufanye uache kufikiri.

Sasa sie wote tulikuwa tunaogopa mtambo wa kukamulia, kwa sababu una moto, una mvuke, unanguruma. Tulipoangalia namba tukashangaa. Mafuta ya karafuu tunayonunua kuchanganyia marashi hayatoi mvuke wa kushika moto mpaka yapite nyuzi 100 hivi. Ya mkaratusi ni karibu nyuzi 49, hayo yanataka adabu, maana kondensa ikikosa maji ya kupooza yanatoka ya moto pamoja na mvuke, kwa hivo pale kwenye mdomo wa kupokelea tukaweka zoni. Lakini spiriti! Spiriti safi inaanza nyuzi 13. Hapa kwetu lini imekuwa nyuzi 13? Hata Julai, kusi ikivuma usiku, hatufiki huko. Maana yake spiriti yetu muda wowote ikiwa wazi inatoa mvuke wa kushika moto, na ukifika asilimia 3 na kidogo tu ya hewa ya chumba, cheche moja yatosha. Chumba tulichokuwa tunakidharau kwa sababu kimya na kinanukia vizuri ndicho kilichokuwa na hatari kuliko vyote.

Na hapa nataka nimtaje mtu, bila jina. Kwenye kujaza kuna mama mmoja mtu mzima, sie wote twamwita shangazi, yuko pale kabla yangu. Tulikuwa tumesimama na karatasi zetu tunabishana duara ya zoni 1 iishie wapi, yeye anatutazama, alafu akasema, "Wanangu, hapo mnapochora juu sipo. Mie kizibo kikinianguka nikainama kukiokota karibu na mfereji, macho hunchoma. Nikisimama, basi."

Wallahi tulinyamaza. Kwa sababu mvuke wa spiriti ni mzito kuliko hewa, mara moja na nusu na zaidi, unashuka, unatambaa chini, unaingia mferejini, na mfereji wetu ulipita chini ya ukuta mpaka chumba cha pili ambacho kina swichi za kawaida na friji ya maji ya kunywa. Feni ya kutolea hewa iko wapi? Juu kabisa karibu na dari. Miaka yote inatoa hewa safi ya juu na kuuacha mvuke miguuni mwa shangazi. Nlimuuliza kama alishawahi kusema, akanambia hajaulizwa. Basi mfereji ukawa zoni 1 wote, tukaziba pale ukutani, tukashusha njia ya kutolea hewa mpaka karibu na sakafu, mota ya feni ikakaa nje ya njia ya hewa, na pampu ya spiriti tukaifunga na feni, feni ikisimama na pampu inasimama.

Kuna mtu alisema tuache tu madirisha wazi, upepo upo. Upepo upo, lakini sie watu wa visiwani tunaujua upepo kuliko kitabu. Madirisha yale yanatazama kaskazini, kwa hivo Januari kaskazi ikivuma chumba kinapumua kweli, ikija kusi ukuta wa nyuma hauna hata tundu, na tanga mbili je? Siku zile pazia halitikisiki na jasho halikauki? Zoni haichorwi kwa siku nzuri. Huwezi kuishusha daraja kwa upepo ambao miezi kadhaa haupo.

Pahala pengine palipotushangaza ni pale pa kuchajia fokolifti. Hakuna spiriti, hakuna mafuta, kuna betri tu. Betri za asidi zikichajiwa zinatoa haidrojeni, ambayo ni nyepesi mno, hiyo inapanda juu kinyume na spiriti, inajikusanya kwenye pembe za paa, na inashika moto kuanzia asilimia 4 ya hewa. Chaja ilikuwa ndani ya kichumba cha mabati kisicho na matundu. Tulichofanya ni kutoboa juu, kuweka matundu chini na juu hewa ipite, na taa ikahamishwa. Pesa kidogo sana.

Chumba cha kusagia viungo ndo kilichonipa tabu kuwaaminisha watu. Unga wa pilipili manga ulipuke? Lakini kitu chochote kinachoungua, ukikisaga laini na kukirusha hewani ndani ya boksi, kinaungua mara moja chote. Nliwahadithia kiwanda cha sukari cha Imperial Sugar kule Port Wentworth, Georgia, Marekani, Februari 7, 2008, walikufa watu 14, na kilicholipuka ni vumbi la sukari. Mlipuko wa mwanzo uliyatikisa mavumbi yaliyokuwa yamelala miaka kwenye mihimili na mashine, yakapanda hewani, yakalipuka nayo. Ndo maana ndani ya kinu na ndani ya mfuko wa chujio tukapaita zoni 20, na ndo maana tukapiga marufuku kusafisha kwa kupuliza na kompresa, kitu ambacho vijana walikipenda kwa sababu ni haraka. Sasa wanafagia taratibu na kufuta, na juu ya mihimili kuna zamu kila wiki. Tukaweka na sumaku pale mdomoni mwa kinu, kuzuia misumari inayokuja na magunia isiingie ikapiga cheche ndani.

Baada ya ramani ndo unachagua vifaa, sio kabla. Kibandiko cha taa kikikwambia Ex db IIB T4, maana yake kasha lake limetengenezwa hivo kwamba mlipuko ukitokea ndani, moto ukitoka kwenye maungio unakuwa umeshapoa hauwezi kuwasha nje, kundi la gesi ni IIB, na uso wake haupiti nyuzi 135. Kwenye spiriti twaitumia. Kwenye betri haifai, haidrojeni inataka IIC, kundi la gesi kali zaidi. Na hapa nawaomba mafundi wenzangu wa visiwani mnisikilize vizuri, chumvi ya bahari inatula. Yale maungio ya kasha yamepigwa msasa kwa kipimo, yakishikwa na kutu basi kasha halina kazi tena ingawa kibandiko bado kinang'ara, na nimeona kwa macho yangu fundi kayapaka rangi ili yasishike kutu, na mwengine kajaza silikoni. Msifanye. Yana grisi yake maalumu. Na tundu la kebo lisilotumika lisiachwe wazi wala lisizibwe kwa nailoni, lina kizibo chake cha daraja lilelile. Mie sa hivi kila miezi mitatu nafungua kasha moja moja.

Pipa la chuma na faneli yake vinafungwa waya wa ethi kabla ya kumimina, kila mara, isije ikaruka cheche ya umeme tuli. Kuchomelea ndani ya mstari wa rangi hakuna bila kibali kilichoandikwa na kipimo cha hewa, hata kama tajiri anakimbiza oda.

Ramani tuliibandika mlangoni Jumamosi moja asubuhi, rangi tatu, ofisi ya mhasibu na pahala pa kuswalia nyeupe. Nlimwita shangazi aje atazame kabla ya wote. Akavaa miwani, akaifuatisha kwa kidole pole pole kuanzia tanki mpaka mlangoni, akarudi nyuma. Akasema, "Na ndoo ya matambara je?"

Ndoo gani? Akanipeleka chini ya ngazi. Matambara wanayofutia spiriti, yote mabichi, yamerundikwa kwenye ndoo ya plastiki isiyo na kifuniko, na juu yake ukutani, kwenye kimo cha magoti, kuna soketi wanayochajia simu.

Nliibandua ramani siku ileile.