Maji chumvi ya chini yana kazi kubwa aisee

Ndugu zangu wa Lindi na Mtwara, mkipita kwenye mashamba ya chumvi mkaona yale maji mazito yanaanza kuganda pembeni, jueni huko chini ya ardhi kilomita na kilomita kuna maji makali kama hayo tena ya moto. Bahari ina kama gramu 35 za chumvi kwa lita, hayo ya chini mengine yanapita 200! Na hiyo chumvi ndo inayoshika madini ya risasi, zinki na shaba toka kwenye miamba, inatembea nazo taratibu miaka na miaka mpaka hayo maji yakikutana na salfa au yakipoa yanazitua hapo. Risasi na zinki za bonde la Mississippi kule Marekani zimetokea hivo, mi hili limenikaa kichwani wiki nzima.

Gesi yetu sasa, iligunduliwa Songo Songo 1974 na Mnazi Bay 1982. Watu wanadhani iko kwenye pango, hapana, iko kwenye vitundu vya jiwe la mchanga, vilijaa maji chumvi kwanza, gesi nyepesi ikapanda ikayasukuma chini.