Rasta ndogo ni filamu tatu

Mimi ni msusi, Temeke, Dar es Salaam. Saluni yetu ina viti vitatu, draya mbili na televisheni ya ukutani ambayo haizimwi, labda umeme ukatike. Mteja wa rasta ndogo anakaa kitini saa sita, na saa sita ni filamu tatu. Basi hapa muda tunaupima hivyo. Mtu akipiga simu kuuliza foleni ikoje, mwenzangu humjibu: "Njoo, nimebakiza filamu moja."

Macho yangu yako kichwani mwa mteja, kwenye mistari. Kwa hiyo filamu nyingi nazijua kwa kusikia: televisheni upande huu, maoni ya wateja upande ule. Hayo maoni nayaamini kuliko tangazo lolote. Nitawasimulia Ijumaa moja ilivyokwenda, muone kwa nini.

Saa 1:30 asubuhi

Ijumaa ni siku ya watu wa harusi, kwa hiyo nawahi. Nafagia, nabandika maji ya kuchovya ncha, nachambua rasta mafungu mafungu nisije nikahangaika mchana. Saa hizi televisheni ni taarifa ya habari na bei za mazao.

Saa 2:15 asubuhi

Wa kwanza ni mwalimu wa Kiswahili wa sekondari. Shule zimefungwa, naye kaja kusuka twende kilioni, ule mtindo wa mistari. Hata hajakaa vizuri: "Dada, Vuta N'kuvute nimeiona!"

Ni filamu ya Amil Shivji ya mwaka 2021, imetokana na riwaya ya Adam Shafi ambayo mwalimu anaifundisha kidato cha tano na sita. Aliingoja kwa hofu, anasema, kwa sababu watu wa kitabuni alishawapa sura zake mwenyewe miaka mingi. Alipomwona Mwajuma, aliyeigizwa na mwimbaji Siti Amina, akasema huyu ndiye. Zanzibar ya miaka ya 1950, kuta zake, vivuli vyake, ameikubali. Analolalamikia ni yaliyoachwa. "Riwaya nzima ile kwa saa moja na nusu! Mwanafunzi wangu akitegemea filamu, mtihani wa fasihi utamshinda."

Kwenye kiti cha pili kuna binti anayepakwa rangi ya kucha. "Mwalimu samahani, mimi ilinipoa. Watu wanatazamana tu, hawasemi."

"Wapenzi wanajificha, polisi wa mkoloni wako nje. Ulitaka wapige kelele?"

Nikamuuliza binti aliiangalia wapi. Kwenye simu, ndani ya daladala, akitoka kazini. Hapo nikamwelewa. Filamu iliyopigwa usiku, taa ya kibatari, nusu ya uso gizani, ukiiweka kwenye kioo cha simu jua la Mbagala likiwaka dirishani, utaona nini? Kioo cheusi na watu kimya. Maoni yake ni ya kweli kwa alichokiona. Nikamwomba aiangalie tena nyumbani usiku, taa zimezimwa, kisha aje anieleze. Kakubali.

Saa 4:00 asubuhi

Nimebadilisha chaneli, niko Sinema Zetu, filamu za kwetu mfululizo. Na hapa ndipo saluni inapogeuka baraza la hukumu, maana wateja wangu hawasamehe nywele.

Mama mjane kwenye filamu analia msibani, kope za kubandika ziko palepale. Msichana wa kijijini anateka maji kisimani, kucha ndefu za bandia. Mtu kalala usiku na wigi, kaamka nalo halijahama hata unywele. Leo ilikuwa mwanamke aliyekamatwa na polisi jioni akiwa na rasta ndogo, asubuhi yuko mahabusu na twende kilioni. Mteja wangu akapaza sauti: "Nani kamfumua? Nani kamsuka humo ndani usiku mmoja?"

Mimi nalisema hili kwa uchungu. Kufumua rasta ndogo peke yake ni kazi ya asubuhi nzima. Mtazamaji ambaye ameshakaa saa sita kwenye kiti hiki anajua, na akishajua kwamba nywele zimemdanganya, anaanza kushuku na machozi. Watengenezaji wanadhani tunaangalia urembo. Tunaangalia kama yule mtu anaishi kweli.

Nimewahi kumsuka mwigizaji. Alikuja na begi la nguo zake mwenyewe za kuigizia, na akaniambia picha ya mwanzo wa filamu na ya mwisho zinaweza kupigwa siku moja, kwa hiyo kichwa chake kisiguswe mpaka kazi yote iishe. Fedha ni kidogo na siku za kupiga picha ni chache, naelewa. Lakini kumwita msusi mmoja na daftari lake, aandike nani kasukwaje kwenye tukio lipi, hakugharimu kama kukodi lile gari la kifahari ambalo kila filamu lazima liingie getini.

Wateja wa umri wangu wakichoka na hizi huishia kwa Kanumba. Steven Kanumba alifariki Aprili 7, 2012, na bado mtu anakaa kitini anasema, "Kanumba asingeicheza hivyo." Wakilinganisha huwa hawasemi habari ya kamera. Wanasema alikuwa akilia na wewe unalia. Mimi nakubaliana nao.

Saa 7:00 mchana

Mama lishe kaleta wali maharage. Yeye maoni yake huyatoa mlangoni, sufuria mkononi: "Steringi anakufa?" Ukimwambia ndiyo, anaondoka.

Leo nimembishia. Nilimweleza Supa Modo, filamu ya Kenya ya mwaka 2018 ya Likarion Wainaina: mtoto wa kike, Jo, anaumwa ugonjwa usiopona, anapenda mashujaa wa filamu, na kijiji kizima kinaamua kumtengenezea filamu ambayo shujaa ni yeye. Mama lishe akaweka sufuria chini. "Kijiji kizima?" Kizima. Akasimama pale mpaka nikamaliza kula, akasema ataiangalia na wanawe, ila mwisho wake wasimwambie. Kwangu ile ni miongoni mwa filamu bora zilizotoka Afrika Mashariki, na nalisema kwa kila mwenye mtoto anayekaa kiti hiki.

Saa 8:30 mchana

Kitini kwangu yuko mama muuza samaki wa Feri, rasta za kati. Chini ya draya yuko bibi mmoja aliyesetiwa nywele kwa harusi ya mjukuu. Pembeni kuna mwanafunzi wa chuo anayesubiri zamu, na ndiye aliyeomba tuiweke Neria.

Neria ni ya Zimbabwe, 1993, imeongozwa na Godwin Mawuru kwa hadithi ya Tsitsi Dangarembga, na muziki wake ni wa Oliver Mtukudzi, ambaye pia anaigiza. Ni ya Kiingereza, kwa hiyo mwanafunzi akawa anatafsiri. Neria na mumewe Patrick wamejenga maisha yao mjini kwa jasho la wote wawili. Patrick anafariki kwa ajali. Anakuja shemeji, Phineas, na maneno ya mila mdomoni, anaanza kubeba: fedha, gari, vitu vya ndani.

Phineas alipoingia mlangoni mara ya kwanza baada ya mazishi, mama wa Feri akainua mkono. "Mwanangu, usinitafsirie. Hapo napajua."

Akatusimulia, kichwa kimeinama mikononi mwangu. Kwake walianza na friji. Friji ya biashara, ya samaki, aliyoinunua yeye. Arobaini haijafika.

Mwanafunzi akasema kwa hasira ya kijana: "Mimi Neria namlaumu. Kanyamaza mno. Ningekuwa yeye ningeita polisi siku ileile."

"Siku ileile una nguvu ya kumwita nani? Umekaa chini, umejifunika kanga, hata maji unapewa na watu. Na wanaobeba ndio hao waliokushika mkono kaburini."

Hapo bibi akainua kofia ya draya. Nilidhani anataka kujua kama nywele zimekauka. "Na yule mama mkwe, mbona hamumsemi? Kafiwa na mwana. Mnamwona amekaa na Phineas mnasema ni mbaya. Mzazi aliyezika hana akili ya kuhesabu vitanda. Anamfuata mtoto aliyebaki."

Mwanafunzi akaacha kutafsiri. Mimi nilishaisikia filamu hii mara nyingi na sikuwahi kumfikiria yule mama kwa namna hiyo. Na filamu yenyewe inamwachia nafasi, maana baadaye anageuka, anasimama upande wa Neria. Bibi ambaye Kiingereza hakijui aliliona jambo hilo mapema kuliko anayetafsiri.

Kisha ikaja sehemu ya mahakama, na mama wa Feri akawa mwalimu wetu. Cheti cha kifo kwanza, usikipe mtu. Kikao cha familia, na muhtasari wake uandikwe na kusainiwa. Halafu unakwenda kufungua mirathi. Yeye alikwenda Mahakama ya Mwanzo. Friji haikurudi, nyumba ilibaki. Mwanafunzi alikuwa anaandika kwenye simu. Mwenzangu naye aliacha kuosha kichwa cha mteja wake, maji yanachuruzika, anasikiliza.

Nimeona wateja wengi wakizungumzia filamu, na hili nalijua: mtu anayesema kwa ukali "angeondoka tu, anang'ang'ania nini pale" mara nyingi hazungumzii aliyeko kwenye televisheni. Simkatizi, simuulizi. Nachora mstari unaofuata. Akitaka atafika mwenyewe, kama mama wa Feri alivyofika, na asipotaka, amepata pa kulisemea. Filamu ya 1993, ya mji ambao hakuna kati yetu aliyefika, imefanya hivyo Temeke mchana wa Ijumaa. Kwangu hicho ndicho kipimo cha filamu nzuri.

Saa 11:00 jioni

Wasichana wa harusi wameingia pamoja, wigi mikononi, kelele tupu. Wao ni Black Panther, na kwao filamu yote ya 2018 ni tukio moja: Okoye, yule jenerali wa kike, yuko kwenye kasino Busan, wigi limemkera tangu mwanzo, ugomvi unaanza, analivua anamtupia adui usoni. Waliniigizia. Msichana mmoja akasema ndiyo mara ya kwanza kumwona mwanamke mwenye kipara kwenye filamu kubwa na hakuna aliyemwonea huruma. Nikawaambia mkuu wa nywele wa filamu ile alikuwa Camille Friend, na kwamba nywele za watu wa Wakanda, ile nchi ya kubuni ya kwenye filamu, ziliachwa za asili, hazikutiwa dawa. Wakanyamaza kidogo, mmoja akauliza kama kusuka tu mabutu mazuri kwa harusi itafaa. Itafaa sana. Nikamsuka, wigi akarudi nalo kwenye mfuko.

Pembeni mtoto wa kike wa darasa la tatu anangoja mama yake. Yeye kaiona Queen of Katwe, ile ya Mira Nair ya 2016, ya Phiona Mutesi wa Kampala aliyeuza mahindi na akawa bingwa wa chesi. Alipenda mwisho tu, pale waigizaji wanaposimama karibu na watu wa kweli waliowaigiza. "Kwa hiyo Phiona yupo?" Yupo. "Sasa hivi?" Sasa hivi. Hakuuliza lingine, ila alimsumbua mama yake habari ya chesi mpaka wakaondoka.

Saa 1:30 usiku

Mwanafunzi wa chuo ndiye wa mwisho, nachovya ncha. Mumewe kaja kumchukua, amekaa kwenye benchi. Mama wa Feri alishamaliza zamani lakini hajaondoka, anangoja foleni za Mbagala zipungue.

Mke akaanza kumsimulia Neria, na mama akawa anamkumbusha alivyosahau. Mume akasikiliza vizuri, kisha akasema, "Mbona hizi filamu zenu wanaume wote wabaya?"

"Nani kakwambia wote, baba?" mama akamjibu. "Patrick alikuwa mume mzuri. Alimpenda mkewe, walijenga pamoja. Tatizo alikufa." Akamtazama. "Wewe mwanangu, umeandika wosia?"

Mume akasema bado, ana miaka 29.

"Patrick naye alikuwa kijana."

Akaomba jina la filamu, nikamtajia herufi moja moja akaliandika. Walipotoka nilimsikia anamuuliza mkewe kiwanja cha Kigamboni kiliandikwa jina la nani.