Kanga kuukuu na njia ya Irente

Binti yangu alizaliwa mwishoni mwa mwezi wa tatu, masika yakiwa yameshaanza hapa Lushoto. Mama alipanda gari kutoka Mombo akaja kunilea. Kwa siku arobaini kazi yangu ilikuwa kula, kulala na kunyonyesha: uji asubuhi, supu mchana, maji ya moto jioni. Namshukuru mpaka leo. Lakini mimi ni mtu wa kutembea. Kwa miaka minane nimekwenda shuleni kufundisha kwa miguu, dakika 25 kwenda na 25 kurudi, mlima na mteremko. Kufikia wiki ya tano nilikuwa nakaa kitandani natazama ukungu dirishani na machozi yananitoka bila sababu ninayoweza kuitaja.

Wiki ya sita tukaenda chanjo. Nilimuuliza muuguzi lile swali lililokuwa linanikosesha usingizi, kwa sababu jirani yangu alikuwa ameniambia mzazi akitembea sana juani maziwa yanapata moto, mtoto akinyonya anaharisha. Muuguzi alinijibu taratibu kabisa: maziwa hayachachi ndani ya titi, na kutembea hakuyapunguzi, mradi nile, ninywe maji ya kutosha na nisikimbilie mwendo mrefu siku ya kwanza. Akaniuliza kama nilijifungua kwa kawaida au kwa upasuaji, na kama damu imekata. Nilijifungua kwa kawaida, damu ilikuwa imekata. "Basi anza kidogo kidogo mama, na ukiona damu inarudi, pumzika uje tukuone."

Siku hiyo hiyo mama akanifundisha mbeleko.

Nilikuwa na kitenge kipya kizuri, zawadi ya uzazi. Nikamfunga mtoto kifuani, nikapiga hatua kumi, fundo likaanza kuteleza. Nilimdaka kwa mikono miwili, moyo ukinidunda. Mama hakunigombeza. Alikwenda kabatini akatoa kanga yangu iliyochakaa, ile ya kulalia. Kitenge kipya bado kina ule ugumu wa dukani, akaniambia, kinateleza. Kanga iliyofuliwa mara mia inajishika yenyewe. Tangu siku hiyo sijambebea mtoto kitu kingine.

Wiki za mwanzo nilimbeba kifuani, wima, na mkono wangu mmoja haukutoka shingoni mwake. Tulizunguka nyumba, tukafika kwenye bomba, tukarudi. Shingo ilipokaza, alipokaribia miezi minne, tukahamia ubavuni, na hapo ndipo nilipojifunza kunyonyesha ndani ya kanga. Kanga inapita chini ya kwapa la kulia na fundo linakaa juu ya bega la kushoto. Mtoto anakaa kwenye nyonga ya kulia, magoti yake juu kuliko makalio, miguu imenikumbatia. Akianza kutafuta, nasimama. Nalegeza fundo kidogo, anashuka mpaka mdomo wake uwe sawa na chuchu, nakaza tena, na mkono wa kulia unabaki nyuma ya mabega yake. Akishika vizuri naweza kutembea pole pole mahali pa tambarare. Kwenye mteremko sitembei akiwa ananyonya. Natafuta jiwe au ukingo wa shamba, nakaa, tunamaliza. Na akishamaliza ni lazima nimpandishe juu tena, hata kama amesinzia, maana mtoto aliyelala chini ndani ya nguo kidevu kinaangukia kifuani na pumzi inabanwa.

Hapo ndipo ninapogombana na watu, na nitaendelea kugombana. Mwezi wa saba baridi ya huku inauma kweli, na kila mama mtu mzima niliyekutana naye njiani aliniambia, "Mfunike mtoto uso, atapata nimonia." Najua wanampenda. Namvika kofia, soksi na sweta la kufumwa, joto lingine anapata mwilini mwangu. Uso wake siufuniki. Nataka kuiona pua yake kila ninapoinamisha macho, na nataka kichwa chake kiwe karibu kiasi cha kukibusu bila kuinama sana. Shikamoo, asante mama, nawaambia, kisha naendelea na safari.

Shule ilipofunguliwa likizo yangu ya siku 84 ilikuwa imekwisha. Nilikwenda kwa mkuu wangu na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 mkononi, inayompa mama anayenyonyesha hadi saa mbili kwa siku ndani ya muda wa kazi. Alishangaa, akasoma, akakubali. Mama ananiletea mtoto saa nne na saa saba. Namfunga ubavuni, tunazunguka bustani ya shule huku ananyonya. Wanafunzi wameshazoea.

Irente, kwenye mwamba wa kutazamia nyika, tulikwenda Jumamosi moja ya mwezi wa nane. Kutoka mjini ni kama kilomita 5, na zamani nilikuwa naikata njia ile kwa saa moja na kidogo. Safari hii ilichukua karibu saa tatu. Tulisimama kwenye mashamba ya kabichi akanyonya. Tulisimama chini ya mpeasi nikambadilisha nepi. Nilikuwa na chupa ya lita moja ya maji na viazi vitamu viwili, na nilivimaliza kabla hatujafika, maana kiu ya anayenyonyesha si kiu ya kawaida. Pale kwenye mwamba upepo ulikuwa mkali. Nilirudi nyuma mbali na ukingo, nikaketi nimeupa upepo mgongo, nikamnyonyesha huku Mazinde na mashamba ya mkonge yakiwa chini kabisa, na nyika ya Wamasai ikipotelea kwenye vumbi. Nililia tena siku ile, na mara hii nilijua sababu.

Sasa ana miezi saba. Ameanza uji, amekuwa mzito, na nyonga yangu ya kulia inalalamika usiku. Mama anasema wakati wa mgongoni umefika: nimfunge nyuma, akitaka kunyonya nimzungushe kupitia chini ya kwapa mpaka ubavuni bila kufungua fundo lote. Yeye anafanya kwa mkono mmoja. Mimi bado najaribia juu ya kitanda.