Melamini katika maziwa ya watoto wachanga

Kila ninaposoma upya habari za maziwa ya unga yaliyochafuliwa nchini China mwaka 2008, kinachonishangaza zaidi ni wepesi wa hila iliyotumika. Maziwa yalikuwa yakiongezwa maji, jambo lililopunguza protini yake, na kwa kuwa kipimo cha kawaida cha protini hupima tu naitrojeni, elementi iliyomo ndani ya protini, bila kujali imetoka wapi, wahusika walichanganya humo melamini, kemikali ya kutengenezea plastiki, ambayo theluthi mbili ya uzito wake ni naitrojeni. Maziwa yakafaulu kipimo.

Figo za watoto hazikudanganyika. Mkojo wa mtoto mchanga huwa na asidi ya yuriki nyingi, na melamini hushikamana na asidi hiyo hadi kuwa mawe madogo yanayoziba njia ya mkojo. Tena mtoto anayelishwa maziwa ya unga peke yake hana chakula kingine cha kumpunguzia sumu, hivyo kila chupa huongeza juu ya iliyotangulia. Baadhi walilia walipokojoa, wengine wakatoa mkojo wenye damu, na waliozidiwa mkojo ulikatika kabisa. Watoto wapatao 300,000 waliathirika na 6 walitangazwa rasmi kuwa wamefariki.

Kwa bahati, wengi walipoachishwa maziwa hayo na kupewa vinywaji vya kutosha, mawe yalitoka bila upasuaji. Mwaka 2010 Tume ya Codex, chombo cha kimataifa cha viwango vya chakula, iliweka kikomo cha miligramu 1 ya melamini kwa kila kilo ya maziwa ya unga ya watoto wachanga.