SR-22 si bima jamani

Binamu yangu yuko California, alishikwa akiendesha gari amelewa, sasa leseni hairudi mpaka kampuni ya bima ipeleke fomu ya SR-22 kwa serikali ya jimbo. Nyumbani hapa Malindi wote wanadhani hiyo ni bima, hapana, ni uthibitisho tu kwamba unayo, na kule kwa kawaida unakaa nayo miaka 3, ukiacha kulipa kampuni yenyewe ndio inakuchoma kwa serikali, leseni inafungwa tena. Mi naipenda sana hiyo. Huku kwetu bima ya thadi pati, ile ya kulipa watu unaowagonga, ni lazima kisheria, Sura ya 405 ya sheria za Kenya, lakini unapanda tuktuk stika ya bima kwenye kioo imepauka na jua hata tarehe haisomeki, wallahi akigonga mtoto wa watu hospitali atalipa nani?